Mwanaume Haachwi

Sogeeni karibu wanangu, wewe Donati na wewe Evelina, kaeni hapa kwenye mkeka nisilazimike kupaza sauti, maana sauti yenyewe inaniishia. Niliomba hospitali waniruhusu nije kufia kwangu hapa Kibaoni, na nimefika, basi nisikilizeni kwa utulivu, asinikatize mtu hata kama neno litamchoma.

Nyumba ni yenu wote, ila chumba cha mbele na cherehani ni vya Evelina, kwa kuwa ndiye aliyeniuguza. Shamba la mpunga la ng'ambo ya mto Lumemo aliligawa baba yenu Raimundi kwa mdomo wake kabla hajafa: upande wa barabara wako wewe Donati, upande wa mto wa mdogo wako Severini. Nimesikia umempeleka jirani yetu Mayunga ukamwonyesha mipaka ya upande wa mto, alishie ng'ombe wake. Simlaumu Mayunga, yeye kaonyeshwa. Nimesikia pia umesema kwamba nikishazikwa mtaunganisha matanga, mmlilie na Severini hapo hapo, ahesabiwe marehemu, mali igawanywe. Donati baba, mtu halii matanga ya ndugu yake kwa sababu hajapiga simu.

Evelina, wewe ulikuwa mdogo alipoondoka, kwa hiyo acha nikusimulie jinsi alivyokuwa. Tulimweka juu ya dungu la shambani kuwinga ndege wasile mpunga, tangu hajajua kusoma. Wenzake walipiga madebe na kupiga kelele hadi makoo yakauke, yeye alifinyanga donge la udongo, akanyamaza kidogo, akalirusha kwa mkono mtupu, na kwelea akadondoka katikati ya kundi. Baba yenu alikuwa akiacha jembe kumtazama, nami nikigomba kwamba palizi haiishi. Ndipo akaja yule Mjapani wa kilimo aliyefundisha watu kuchimba mifereji. Alipita na pikipiki yake, akamwona, akasimama pale hadi ndege wote wakahama, kisha akatoa mfukoni kijimpira cheupe kigumu akamwambia arushe hicho. Baada ya masika mawili mwanangu akapanda treni pale stesheni kuanza safari ya Japani, amevaa koti la baba yake lililompwaya, na mimi nikarudi nyumbani nikapika ugali wa watu wengi kwa mazoea.

Kwao Wajapani kuna mchezo unaitwa besiboli. Mmoja anasimama na rungu, mwingine anamrushia kijimpira kwa ujanja ili akikose, na huyo mrushaji ndiye alikuwa Severini. Ilikuwa kazi yake ya mshahara, kama mwingine alivyo fundi au mwalimu. Kwanza walimweka kwenye timu ya wanaojifunza, akalala bwenini, akafua jezi za waliomtangulia, akala samaki mbichi huku akilia. Kisha wakampandisha timu ya wakubwa. Mnakumbuka ule mkanda wa video alioutuma, tuliotazamia dukani Mlabani, watu wamejaa hadi madirishani, na mzee Fulgensi akauliza sasa goli wanafunga saa ngapi. Nilicheka na wengine. Halafu nikamwona anainua goti, ananyamaza kidogo, anaachia, na uwanja mzima wa watu wasiojua hata Ifakara iko wapi ukasimama kumpigia makofi. Nililia mbele za watu, wala sikuona haya.

Nipe maji, Evelina. Kidogo tu.

Sasa nafika kwenye lile lililonikaa kooni. Siku ile Severini alipopiga simu parokiani mimi nilikuwa shambani, wakakuita wewe Donati kwa kuwa ulikuwa karibu. Akakwambia, kaka, mwambie mama nimeachwa. Neno hilo moja. Nawe ukacheka. Ulidhani ana mwanamke huko naye kamfukuza, ukamjibu mbele ya watu waliokuwa wakisubiri zamu ya simu kwamba mwanaume haachwi, mwanaume ndiye anayeacha, atafute mwingine na asitutie aibu. Ulikuja kunisimulia jioni huku unajishika mbavu, na mtaa mzima ukalifanya utani, hadi watoto wakaliimba kisimani. Hakupiga tena.

Ni yule Mjapani aliyekuja baadaye kutusalimu ndiye aliyenieleza, wewe ukiwa Mahenge kwenye biashara zako. Bega la mwanangu lilichanika ndani. Alirusha nalo hivyo hivyo msimu mzima, akijipaka dawa chooni wasimwone, kwa kuwa nyuma yake walikuwapo vijana wanaoingojea nafasi yake. Siku moja mkono haukupanda. Wakamfungulia mlango kwa heshima zote, wakamwinamia, wakamwambia timu inamwacha. Kwa lugha yetu alikosa neno lingine, masikini, alikuwa ameshakaa miaka mingi kwa watu. Alitoka hapo akatafuta simu ili asikie sauti ya kwao. Na sauti ya kwao ndiyo aliyoisikia.

Usiiname, Donati. Sikukuitia hukumu. Hukujua, na hilo nimekuombea kila Jumapili. Lakini tangu hapo umekuwa ukimsema vibaya, kwamba amejaa kiburi, amesahau udongo wake, na najua kwa nini unamsema, kwa sababu ukikubali kwamba yu hai itakubidi umwambie pole. Mjapani alisema amehama alipokuwa akikaa, pengine anapakua samaki bandarini. Mtu anayepakua samaki anakula, anaishi.

Basi shikeni haya. Upande wa mto asiuguse mtu. Mwambie Mayunga ulikosea, ni mtu mwelewa. Ulime wewe Donati, usiache magugu, na kila mavuno peleka gunia lake ndani, mkihitaji mle, lakini liitwe la Severini. Akija msimwulize ameleta nini. Msimwulize habari za mkono. Mumpe maji ya kuoga na mumwache alale. Evelina mama, wewe uende kwa Mjapani, ofisi yao ipo Dar es Salaam, uwaambie wamtafute.

Mwili wangu msiucheleweshe kwa kumngojea, joto hili halisubiri. Mkifika kaburini, Donati, ukishatupa udongo wako, chukua mwingine, utupe kwa ajili yake, na utaje jina lake watu wasikie. Useme huu ni wa Severini, yuko njiani.

Mungu awape kupatana. Awape watoto wenye... nimechoka. Nipeni mikono yenu. Huu wa Evelina. Wako uko wapi, baba? Nimekubariki, usiuvute. Niambie tu kwamba utalitaja. Sema, Donati. Sema kwa nguvu kidogo, sikusikii.