Projekta Chini ya Kitambaa

Mwalimu alikuwa amelifeli swali hilo mara mbili, na asubuhi hiyo treni ilikuwa inampeleka kwenye mtihani kulijaribu mara ya tatu na ya mwisho: eleza maana ya teknolojia ya ufundishaji. Alilikariri kwa sauti ya chini, macho mazito kama ya mtu aliyelala na daftari badala ya mume, mpaka fundi aliyekaa kando yake, sanduku la vifaa mapajani, akachoka kumsikiliza.

"Dada, hiyo si mashine tu? Projekta, kompyuta. Mimi ndiye ninayezitengeneza."

"Ndivyo nilivyojibu mara zote mbili, kaka. Wasahihishaji wanasema ni kupanga somo mpaka mtoto aelewe. Kifaa baadaye."

"Kwa hiyo mimi natengeneza nini?"

Mwalimu alipiga miayo. "Projekta ya shuleni kwetu ilitengenezwa mwaka jana. Imefunikwa kitambaa, na juu yake imekaa chupa ya chai."

"Lakini inawaka."

"Inawaka. Lakini hesabu za nusu na robo, watoto walizielewa kwa kukunja karatasi."

Fundi alilikumbatia sanduku lake kama mzazi aliyeambiwa mwanawe hana kazi. "Na wataalamu wanasemaje?"

"Mmoja anasema mtoto hufunzwa kwa kurudia na kutuzwa. Mwingine anasema hujijengea mwenyewe kichwani."

"Mtoto je?"

"Hajaulizwa."

Treni ikasimama. Mwalimu akashuka, na fundi akamwinamia dirishani. "Anza na karatasi, dada, sikatai. Ila na mimi unitaje, hata mstari wa mwisho wa jibu lako."

Mwalimu hakuahidi. Alikuwa anatafuta kalamu.