Mama Buti na Mzizi wa Bwawani

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka daktari wa mifugo tuliyezoea kumwita Mama Buti, maana hata harusini alikuja na buti za mpira. Ametutoka wiki hii, uzeeni, kitandani kwake.

Mama Buti na shemeji yake, mdogo wa mumewe, walikuwa kama paka na panya. Ugomvi wa mpaka wa shamba. Hata salamu ilikuwa kazi.

Basi mwaka mmoja ng'ombe wa jirani wakafa, asubuhi moja, wakitetemeka na kutoa povu. Vidole vyote vikamwelekea shemeji. Si aliapa hadharani kwamba ng'ombe hao wakirudi kula kabichi zake watamtambua? Vijana wakampa mpaka jua lizame awe amehama na wanawe, la sivyo nyumba ingechomwa moto.

Watu walidhani Mama Buti atafurahi. Wapi! Alimpasua ng'ombe mmoja, akakuta vipande vya mizizi tumboni. Akaingia bwawani hadi kiunoni. Akatoka na mmea tuliouona tangu utotoni, ule wenye maua meupe kama mwavuli. Mbele ya umati akaupasua mzizi kwa urefu. Ndani kulikuwa na vyumba vyumba, na utomvu wa manjano ukachuruzika.

"Sumu ndiyo hii," akasema. "Na walioitoa matopeni ni ninyi."

Kweli tupu, wasikilizaji. Jana yake kijiji kizima kilikuwa kimesafisha mtaro wa bwawa. Mizizi iling'olewa, ikatupwa ukingoni, ng'ombe wakaila. Jirani mwenyewe akaenda kumwomba shemeji radhi, na shemeji hakuhama. Tangu siku hiyo kila mtaro ukisafishwa, mizizi ile huzikwa shimoni. Hajafa ng'ombe tena kwa sumu ile, wala mtoto. Hata mmoja! Huo ni ushindi, jamani, tuuseme kwa sauti.

Jana nilimpigia shemeji simu. Alilia kwanza, ndipo akasema: "Hakunipenda yule, na mpaka wetu hatukuumaliza. Lakini siku ile angenyamaza tu, mimi ningekwisha. Hakunyamaza."

Poleni sana mumewe na watoto. Pole na wewe, shemeji. Nasi tujiulize leo: tusiyempenda akisingiziwa, tutaingia topeni kwa ajili yake?