Wakubwa Wanane Wamekwenda Kujifunza Kukasimu

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la fundi saa, mkabala na lango la Ofisi ya Maji, na tangu nilipostaafu ukarani wa ofisi hiyo sijalikosa ila kwa ugonjwa. Siku ninayoieleza ni Ijumaa, tarehe 14 Machi 2025, saa nane kasoro dakika kumi mchana. Tulikuwa wanne na birika moja la kahawa: Fundi Saa mwenyewe, lenzi imembana jichoni, Kipaza, muuza magazeti, ambaye hajapata kunong'ona maishani mwake, mimi, wanayeniita Karani, na Breki, dereva wa ofisi hiyo ya maji. Breki alikuwa ameshika fomu ya uhamisho. Mama yake mzazi, ambaye macho yake hayaoni tena, anaishi peke yake katika mji wa mbali, na huko ilikuwa imepatikana nafasi ya dereva. Fomu ilipaswa kufika makao makuu, mtaa wa pili tu kutoka hapo, kabla ya saa tisa alasiri, ikiwa na saini ya mkuu wa ofisi au ya anayemkaimu. Saini ndiyo haikuwapo.

Kipaza: Lakini mlango umeugonga vizuri?

Breki: Naugonga tangu Jumatatu, kaka. Wakubwa wote wanane wako hotelini, kwenye warsha ya kujinoa kiuongozi. Kurudi ni wiki ijayo.

Fundi Saa: Na manaibu?

Breki: Manaibu wamo katika hao wanane.

Mimi: Barua ya kukaimu kaachiwa nani?

Breki: Hakuna, Mzee Karani. Mada ya mwaka huu ni kukasimu madaraka. Mwaliko ukasema kila mkuu aende na yule anayemkasimia. Basi kila mmoja akambeba wake.

Nilikitua kikombe chini kwa kishindo.

Mimi: Kukasimu ni kumwachia mtu kazi wewe ukiwa hupo! Anabebwaje?

Kipaza: Kama mwavuli, Mzee. Huwezi jua.

Fundi Saa: Si umpigie mkuu simu?

Breki: Simu ziko kapuni. Zimekusanywa siku ya kwanza, eti akili zitulie.

Kipaza: Mimi nimesikia huko wanafumba macho, wanajiangusha kinyumenyume, wenzao wanawadaka. Wanajenga kuaminiana.

Fundi Saa: Kuaminiana wapi! Huo ni mchujo. Asiyedakwa anastaafishwa.

Kipaza: Acha wewe. Siri ninayo mimi. Mwaka jana mkuu aliondoka mkali, akarudi anasalimia hadi wafagizi. Siku tisa nzima! Ya kumi, akawa yule yule wa zamani. Sasa hesabuni wenyewe: wako wawili. Mmoja wanamfuga hotelini, kila mwaka wanabadilishana.

Fundi Saa: Wanafungua mno, hilo ndilo tatizo. Saa ukiifungua kila mwaka eti unaisafisha, iko siku utaifunga na skrubu moja itabaki mezani.

Kipaza: Skrubu yenyewe ndiyo huyu hapa Breki!

Breki: Chekeni tu. Jana mama kajichoma mkono akipapasa sufuria jikoni. Jirani ndiye aliyenipigia. Mama mwenyewe alinificha.

Fundi Saa aliivua lenzi yake, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi.

Mimi: Sizidharau warsha, na nisieleweke vibaya. Kuanzia Jumanne tarehe 11 hadi Alhamisi tarehe 13 Agosti 1981, mkuu wetu aliwachukua wakuu wa idara akawapeleka ghala la majalada, nje ya mji. Walikaa juu ya makasha, wakaambizana ukweli kuhusu ugomvi wao wa miaka. Waliporudi, barua iliyokuwa ikijibiwa kwa wiki tatu ikawa inajibiwa kwa siku nne. Lakini kabla ya kupanda gari alinikabidhi mimi barua, muhuri na ufunguo. Kwa siku hizo tatu nilitia saini nyaraka arobaini na moja.

Kipaza: Wiki iliyopita zilikuwa thelathini na tisa!

Mimi: Mbili ni nakala. Nyamaza.

Saa nane na nusu, mwanamke mmoja alivuka barabara kutoka lango la Ofisi ya Maji, kitambulisho cha warsha kikining'inia shingoni.

Mgeni: Shikamooni, wazee wangu. Mimi ni msaidizi wa mwezeshaji wa warsha. Nimekuja mjini kuchapisha karatasi za jioni, nikatumwa nipite hapo ofisini. Nimekuta pamefungwa, mlinzi akaniambia niulize hapa.

Kipaza: Uliza, dada. Hapa tunajua yote.

Mgeni: Jana kila kiongozi aliandika jina la aliyemwachia ofisi. Mkuu kamwandika naibu, naibu kamwandika mhasibu, mhasibu kamwandika mkuu. Wote nimewaacha ukumbini wanakunywa chai. Kwani ofisini amebaki nani?

Fundi Saa alimtazama Kipaza. Kipaza, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinong'ona: “Hakuna.” Breki aliinuka na fomu yake.

Breki: Hoteli ni mbali kiasi gani, dada?

Mgeni: Saa mbili kwa gari.

Saa zote za dukani zilionyesha nane na dakika thelathini na nne. Breki aliitandaza fomu benchini, akailainisha kwa kiganja, kisha akanitazama mimi. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kuifikia kalamu mfukoni, kifuniko kimeshafunguka, ndipo nilipokumbuka kwamba madaraka yangu yalikoma tarehe 30 Juni 2004, saa tisa na nusu alasiri, na kwamba siku hiyo nilimkabidhi mtu ofisi, muhuri na ufunguo; nikakifunga tena kifuniko.