Historia ya Mama Sogea, Mkutubi Aliyetafutia Chuo Kizima

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wakubwa wa chuo mliopewa viti vya mbele, mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, na marehemu ni dada yangu aliyeniachia ziwa, familia imenichagua nisome historia yake na imenisihi nisome kwa upole, nitajitahidi, ila sina uhakika kama nitafika nao mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1963, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, kisha sekondari ya bweni, kisha chuo cha ukutubi alikohitimu mwaka 1985. Mtu asiwadanganye leo kwamba alikuwa mpole, dada yangu hakuwa na subira hata chembe.

Tarehe 1 Septemba 1988 aliajiriwa katika maktaba ya chuo kikuu, akaanza kwa kupanga vitabu rafuni, na kompyuta zilipoingia akakabidhiwa dawati la utafiti, kazi yake ikawa kumwonesha msomaji namna ya kupata makala kwenye hifadhidata, zile hazina za majarida ya kitaalamu ambazo chuo hulipia ili watu wake wasome, na namna ya kutumia chumba cha chini chenye tasnifu za zamani ambazo hazimo kwenye kompyuta yoyote. Alimfundisha kila mwanafunzi mpya asiandike swali zima kama anamwandikia shangazi barua, aandike maneno mawili matatu yenye uzito, achuje kwa mwaka, na akipata makala moja nzuri ashuke hadi kwenye marejeo mwishoni, maana huko ndiko zinakopatikana ndugu zake. Wanafunzi walielewa. Wahadhiri sasa! Mhadhiri alikuja mbiombio, nenosiri kalisahau tangu mwaka juzi, anadonoa herufi kwa kidole kimoja, dada anamtazama, anamtazama, uvumilivu unamwishia, anamwambia sogea, anakaa yeye kwenye kiti, anaingia kwa jina lake yeye dada, si la mhadhiri, na kumtafutia, ndipo wakambandika jina la Mama Sogea, naye akalipenda kuliko la kwake.

Alifunga ndoa tarehe 7 Julai 1990 na fundi umeme, shemeji yangu aliyetangulia mwaka 2015, wakajaliwa watoto wawili, muuguzi na mwalimu, hawa hapa, macho yamewavimba.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwaka 2022 uongozi uliletewa takwimu za matumizi ya hifadhidata, zikaonesha kwamba kwa upande wa wafanyakazi karibu utafutaji wote umefanywa na mtu mmoja, dada yangu. Badala ya kuuliza kulikoni, kikao cha tarehe 9 Mei kikaamua kwamba wahadhiri hawazihitaji hifadhidata hizo, zikakatwa, tena kikaamua kwamba marehemu alikuwa anawachotea watu wa nje makala kwa siri, anafanya biashara. Biashara, jamani! Na waliokaa kwenye kikao hicho ni wahadhiri walewale, wengine wamepanda vyeo kwa makala alizowachimbulia yeye, ilitosha mmoja anyooshe mkono aseme mimi ndiye niliyemwomba, wakainamia meza. Waliogopa kuonekana hawajui kutafuta, basi, ni hilo tu. Kwa aibu ndogo hivyo dada yangu akafukuzwa kama mwizi, kwa uamuzi ambao hadi leo haujafutwa, na wanafunzi wakabaki wanaandika tasnifu kwa kubahatisha.

Shinikizo la damu lilimwanza mwezi huohuo, mnamo Novemba 2023 akapata kiharusi, akalazwa, akarudi nyumbani ulimi ukiwa mzito, na kila aliyekuja kumjulia hali alimwambia neno moja, sikuiba, akalirudia mpaka mgeni aitikie. Alifariki tarehe 2 Februari 2024. Daktari ameniomba nisiseme kwamba kikao ndicho kilichomuua, sisemi, nawasomea tarehe tu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, tunamshukuru jirani yetu mwenye gari ambaye hakuchoka kutupeleka hospitali, tunawashukuru wakutubi wenzake, na zaidi ya wote fundi kompyuta wa maktaba, aliyesimama kikaoni peke yake akasema mnamwonea huyu mama, akaambiwa akae chini.

Ratiba mliyogawiwa inasema jeneza litabebwa na wahadhiri kwa niaba ya chuo. Familia imekaa asubuhi hii, imekataa. Lakini sisi si watu wa kufunga mlango, mhadhiri anayetaka kumbeba dada yangu aje hapa mbele, awaangalie watoto hawa, aseme kwa sauti mimi ndiye niliyemwomba anitafutie, akishasema ashike jeneza. Nawasubiri.

Mnaangalia chini, kama siku ile. Haya, wanafunzi wake, njooni mmchukue mwalimu wenu.

Dada, pumzika wewe kwa amani, sisi bado hatunayo.