Tundu la Pampu ya Didia: Kumuaga Mama Edson

Baada ya miaka ishirini na tisa katika karakana yetu ya Katoro, Bi. Limi Mageni, Mama Edson kwetu sote, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Mashine ya kutobolea itabaki pale pale karibu na dirisha. Sisi tutajifunza kuizoea bila yeye, na sijui tutaanzia wapi.

Alianza kwa kutengeneza makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Kabla ya kutoboa tundu lolote alifumba macho, akapotelea huko anakokujua mwenyewe. Wageni walidhani mama kasinzia. Wateja wetu, watu wa haraka, walikohoa na kupiga honi za bodaboda. Wapi! Aliwahi kunieleza kwamba huliona tundu likiwa limeshakamilika, bolti imetulia ndani yake kama mtoto mgongoni, kisha anarudi nyuma polepole mpaka kwenye chuma kitupu. Nimejaribu mara nyingi. Mwenzenu huishia kusinzia kweli.

Kanuni yake sote tunaijua. Tundu la kukatia meno ya kushika bolti huwa dogo kuliko bolti yenyewe. Chukua unene wa bolti, toa nafasi iliyopo kati ya jino na jino, kinachobaki ndiyo biti yako ya kutobolea. Bolti ya milimita kumi na mbili inataka biti ya kumi nukta mbili. Ukizidisha, meno hayana pa kushika. Ukipunguza, tapu, kile chuma cha kukatia meno, inakukatikia ndani.

Kiangazi kimoja ililetwa pampu ya kijijini kwao, Didia. Tundu moja lilikuwa limekwisha meno na lilitaka kupanuliwa kwa bolti ya kumi na mbili. Chuma pale kilikuwa chembamba, kwa hiyo nafasi ya kujaribu ilikuwa moja tu. Ng'ombe walikuwa na kiu, na kina mama walifuata maji mbali. Biti yetu ya kumi nukta mbili ilikuwa imevunjika.

Mzee Benjamini wa kamati ya maji alimsihi: "Limi mwanangu, si utoboe na hiyo kumi na mbili? Bolti itaingia tu." Ingeingia, ndiyo, na ingetoka vilevile. Mama Edson aliogopa na alituambia wazi, maana angekosea, jina lake lingetajwa Didia kwa kila ndoo inayorudi tupu. Hata hivyo alimwomba mzee asubiri, akaagiza biti Geita mjini. Mchana ule aliumaliza akiwa ameketi, mkono juu ya pampu, macho kayafumba.

Biti ilipofika alitoboa, akatia mafuta, akaizungusha tapu mbele kidogo, nyuma kidogo, nasi tumebana pumzi. Bolti ilishika. Mama Edson alilia, nami nililia, wala sioni haya kulisema.

Sasa anarudi kuishi Didia. Wanawake wa huko wametuma salamu kwamba akifika pampuni asipange foleni. Amewajibu kuwa atapanga, tena nyuma kabisa, kwa sababu anataka kwanza kuyasikia maji yakijaza ndoo za wenzake.

Wabeja sana, yaani asante sana, Mama Edson. Tunakuombea siku ndefu zenye utulivu, na nguvu ya kuibeba ndoo yako mpaka nyumbani.

Stanslaus, kwa niaba ya wenzako wa karakana