Mwalimu Kaparbek wa Jiwe la Kara-Archa (1948–2021)

Tunayemsindikiza leo, Mwalimu Kaparbek Turdubai uulu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika makazi ya majira ya baridi ya Kara-Archa, mkoa wa Talas. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Turdubai, mchunga farasi wa shamba la ushirika, na Mama Sayragul. Wawili waliomtangulia walifariki wakiwa wachanga. Aliyemfuata, na wa mwisho, ni dada yake Zhumagul, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu. Siku aliyozaliwa theluji ilikuwa imeziba njia, na mkunga alifika amepanda ng'ombe dume. Marehemu alipenda kukisimulia kisa hicho kana kwamba alikuwa amesimama mlangoni akitazama.

Alianza shule ya msingi Septemba 1955. Siku ya kwanza mwalimu aliwaambia watoto wenye uwezo waandike majina yao ubaoni. Kaparbek alinyoosha mkono, akaenda mbele, akachora mwezi mwandamo juu ya fimbo.

"Hii ni nini sasa?" mwalimu akauliza.

"Jina letu, mwalimu."

"Jina la nani?"

"La farasi wetu. Na letu pia, lakini sisi hatuchomwi."

Darasa zima liliangua kicheko. Ile ilikuwa chapa ya ukoo wa Boz-Tumak, iliyokuwa pajani kwa kila farasi aliyechungwa na baba yake, na kweli mtoto yule aliijua kabla ya kuijua herufi hata moja. Alimaliza shule mwaka 1965 kwa alama za juu, akasoma historia chuo kikuu cha Frunze, mji mkuu wetu wa wakati ule, hadi 1970, kisha akapelekwa Leningrad, 1971 hadi 1974. Huko alijifunza kusoma maandishi ya kale ya Waturuki, yale yaliyochongwa kwenye mawe kuanzia mito ya Orkhon na Yenisei hadi hapa kwetu Talas: herufi za mistari mikavu iliyonyooka, zisomwazo kutoka kulia kwenda kushoto.

Leningrad ilimtesa. Hakuwa na ndugu wala rafiki, na chakula kilikuwa samaki na kabichi. Alimwambia dada yake kwamba mwaka ule wa kwanza waliozungumza naye kwa ukarimu ni wafu tu. Mawe mengi ya Yenisei ni makaburi, na marehemu ndiye anayesema kwa kinywa chake mwenyewe: nilikuwa na mke, nilikuwa na wana, nimetengana nanyi, sikuwashiba. Kaparbek alikuwa akiyasoma hayo chumbani peke yake, anafuta machozi, anarudi kwenye sarufi.

Mwaka 1974 aliajiriwa kama mtafiti mjini Frunze, na tarehe 5 Juni 1976 alimuoa Aksaamai, mwalimu wa kemia, msichana wa Issyk-Kul. Posa ilikuwa ya vituko. Alimpeleka bibi harusi mtarajiwa matembezi ya siku nzima, akamwonyesha miamba, akasahau kubeba chakula. Aksaamai alirudi amechoka hoi, akawaambia kwao: "Huyu hana mwanamke mwingine, hilo nimehakikisha. Ila ana mawe, na mawe yamenitangulia." Walijaliwa binti mmoja, Nurzhamal, mwaka 1978. Nyumba yao ilikuwa ya kelele na chai nzito hadi Aksaamai alipofariki Februari 1998. Baada ya hapo Kaparbek alijifunza kupika, akajifunza vibaya.

Kazi iliyompa jina ilianza kiangazi cha 1983. Wachungaji walilijua jiwe lile la Kara-Archa tangu zamani na walizoea kulikalia wakinywa maziwa ya farasi, lakini hakuna aliyejua kwamba chini ya magamba ya kuvu kulikuwa na mistari mitano ya herufi. Kaparbek aliisafisha, akaisoma. Ni kaburi la mtu aliyekufa mbali na watoto wake. Na chini ya mstari wa tano palikuwa na mwezi mwandamo juu ya fimbo.

Ndugu zangu, mnakumbuka furaha ya siku zile. Wataalamu wengi walishikilia kwamba herufi za Waturuki zililetwa na wafanyabiashara wa Sogdi, ambao nao walizitoa kwa watu wa Kiaramu, huko magharibi. Wachache walisema hapana, baadhi yake zilizaliwa hapa hapa, kutokana na chapa za mifugo na vitu vya nyumbani. Kwani herufi yenye umbo la mshale si husomwa kwa sauti ya neno letu la mshale? Kaparbek alikuwa wa hao wachache, na sasa alikuwa na jiwe. Mwaka 1985 alichapisha kitabu kinachosema kwamba chapa ya Kara-Archa ilichongwa siku moja na maandishi, kwa mkono uleule, na kwamba hapo chapa na herufi zilikuwa bado mama na mtoto. Kitabu kilijadiliwa hadi Ankara.

Boz-Tumak wakawa wazazi wa herufi. Mwaka 1993 ukoo ulichinja farasi, chapa ikawekwa kwenye lango la shule, na tangu hapo kila kiangazi wazee walipanda hadi kwenye jiwe na kuipaka chapa mafuta ya mkia wa kondoo kwa heshima. Katika karamu, ambako kila mtu hupewa mfupa wenye nyama kulingana na umri wake, Kaparbek alipewa mfupa wa paja, wa wakubwa, ingawa umri wake ulikuwa wa mfupa mdogo. Aliupokea kwa aibu, na aliula wote.

Julai 2002, asubuhi baada ya mvua, jua likiwa bado limeinama, alikwenda kulipiga jiwe picha kwa ajili ya toleo jipya la kitabu. Yale mafuta ya kila mwaka yalikuwa yameua kuvu pembeni mwa chapa, na magamba yalikuwa yamebanduka. Chini yake palikuwa na mkia wa herufi. Chapa ilikuwa imepita juu ya herufi ile na kuikata katikati. Maana yake herufi ilitangulia. Chapa ilikuja baadaye, na kwa ukali wa kingo zake ilikuja baadaye sana, kwa patasi ya chuma kizuri. Wazee wetu walikuwa na desturi ya kuchonga chapa kwenye kila mwamba wa malisho waliyogombea na majirani. Kaparbek alilijua hilo tangu utotoni. Lakini alipoiona chapa ya farasi wa baba yake juu ya jiwe la kale, moyo ulimwenda mbio, na moyo ukienda mbio jicho huachwa nyuma.

Angeweza kuipaka mafuta na kushuka zake. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa akitazama. Alikaa pale hadi jioni, kisha akaandika, kwanza katika gazeti la Talas, ili wenyewe wasisikie kwa wageni, halafu katika jarida la wataalamu: nilikosea, chapa hii si ushahidi, herufi zetu zilitoka wapi mimi sijui. Wale wa upande wa Sogdi walimpongeza, naye hakuwajibu, kwa kuwa hakuwa amehamia kwao. Wale wa upande wake waliacha kumpigia simu. Alibaki katikati, na katikati hapakuwa na mtu.

Kaka Ormonbek, mwana wa baba mkubwa na mkuu wa ukoo, alimfuata mjini wiki ileile. Zhumagul alikuwepo, ndiye aliyemimina chai.

"Kapar, kuna mtu alikushikia kisu?"

"Hakuna, kaka."

"Sasa ulikuwa unawashwa na nini? Watoto wetu wanatembea vifua mbele, halafu mtu wa nyumbani anaamka asubuhi anatuvua nguo sokoni!"

"Kaka, herufi ilikuwepo kwanza. Nimeiona kwa macho yangu."

"Ungenyamaza! Jiwe lenyewe limenyamaza miaka elfu na ushee, wewe hata mwaka mmoja umekushinda?"

"Halikunyamaza, kaka. Linasema tangu siku lilipochongwa. Sisi ndio tulioandika juu ya maneno yake."

Kaka Ormonbek alisimama, chai haijafika nusu. "Haya. Basi kaa nalo."

Akakaa nalo kweli. Mwaka 2003 alistaafu, akarudi Kara-Archa, akakarabati nyumba ya baba yetu. Pengine alidhani mtu akirudi nyumbani hasira hupoa. Kutoka mlangoni kwake hadi kwa Kaka Ormonbek ni nusu saa kwa farasi, na hakuna farasi aliyekwenda. Karamu zilifanyika, moshi aliuona, na mfupa wake haukutengwa. Wanaojua mila zetu wanajua uzito wa jambo hilo. Hata mlevi, hata mwizi, asipofika karamuni hupelekewa mfupa wake umefungwa kitambaani. Kaparbek alinunua paja la kondoo soko la Talas, akalichemsha, akala peke yake dirishani. Zhumagul alipomkuta hivyo alilia, naye akamtania: "Unalia nini? Leo nimeupata wa wakubwa bila kugombana na mtu."

Lakini alikuwa mpweke, na haifai kupamba. Simu zake kwa dada zilikuwa ndefu na hazikuwa na habari. Aliuliza bei ya viazi, alieleza theluji, alisema "haya, lala salama," halafu hakukata. Watoto wa shule waliacha kupelekwa kwenye jiwe, kwa hiyo aliwaeleza watalii waliopotea njia. Mtalii mmoja Mjapani alikaa naye siku mbili bila lugha, na marehemu alimtaja kwa miaka kana kwamba walikuwa wamelelewa pamoja. Kuhusu asili ya herufi aliendelea kuchunguza hadi mwisho. Alisema huenda zilitoka kwa Wasogdi, huenda nyingine zilitoka kwenye chapa na mishale, na kwamba anayetaka jibu la haraka akaulize kwa jirani.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2019. Tarehe 20 Septemba mwaka huu alilazwa hospitali ya Talas, na binti yake alimuuguza pamoja na shangazi yake. Siku zile alisema neno moja zito. "Zhuma, wakija, usiwagombeze." Dada akamuuliza, "Na wasipokuja?" Alifikiri kidogo, akasema, "Basi utanizika popote, ila pasiwe mbali sana." Alifariki Jumamosi tarehe 9 Oktoba 2021, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitatu.

Aliahidiwa kwamba hakuna atakayegombezwa, na ahadi ni deni. Kwa hiyo haya yanasomwa tu.

Zhumagul aliolewa ukoo mwingine, hana mamlaka ya kuchimba kaburi katika ardhi ya Boz-Tumak. Alimpigia Kaka Ormonbek simu. Kaka alisema, "Nimesikia," simu ikakatika. Siku ile yote hakuna aliyefika. Shemeji zake Zhumagul walisimamisha hema la sufu la kuazima mbele ya nyumba ya marehemu, wakamlaza ndani, na mume wake akamwambia kwa upole, "Mama Bakyt, tumpeleke Chüy. Kwetu pana nafasi." Alikubali. Gari liliagizwa.

Jana asubuhi wanawake walikuwa hemani wameelekea ukutani wakiimba maombolezo, kama ilivyo desturi, mgongo mlangoni. Ndipo ikasikika sauti kutoka mbali, ya mwanamume anayelia huku akija juu ya farasi, na nyuma yake sauti nyingine nyingi. Zhumagul hakugeuka, lakini ile ya mbele aliijua. Ilikuwa ya mzee wa miaka themanini na minne, imepasuka.

"Ee ndugu yangu! Mdogo wangu! Ulikuwa wapi, ndugu yangu, tumekukosa!"

Hayo ni maneno ya kawaida ya kilio. Kila mfiwa huyasema, na hayajibiwi. Zhumagul aliyajibu, uso wake ukiwa ukutani.

"Alikuwa hapa, kaka. Alikuwa hapa hapa siku zote."

Kilio kikakatika. Nje farasi walitikisa hatamu. Kisha sufu ya hema ikabonyea upande wa pili wa ukuta, pale mzee alipoegemeza paji la uso, akalia bila maneno, karibu sana na sikio la dada. Alipoweza kusema alisema, "Gari lirudi. Vijana wamekwenda kuchimba. Kando ya baba yake."

Mwalimu Kaparbek ameacha binti, Nurzhamal, aliyekuja kutoka Novosibirsk, wajukuu wawili, Aidar na Meerim, dada mmoja, Zhumagul, kaka, Ormonbek, na ukoo mzima wa Boz-Tumak, nyumba arobaini na kitu, ambao leo mmekuja wote hata nafasi ya kufunga farasi hakuna. Angefurahi kuwaona. Angewapikia, na mngekula hivyo hivyo.

Apumzike kwa amani kaka yetu, na safari hii asiwe peke yake.