Walipima Nyayo za Mtoto, Wakahukumu Ukoo Wangu

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama wenzangu, na nyie akina baba wawili mliojikaza kuja, karibuni. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha wazazi ameniomba nizungumze kwa upole, maana leo tuna wageni ambao watoto wao wamefungwa plasta za miguu juzi tu na mioyo yao bado mibichi. Nitajaribu. Lakini nawaambia mapema, ndugu zangu, jambo hili linanichoma mpaka leo, na huo upole unaweza kuniishia njiani.

Mmeniona nilivyotembea kuja hapa mbele. Msione haya, niangalieni. Magoti yangu yametengana, miguu imepinda kama upinde, na meno yangu ni ya kahawia. Nimezaliwa hivi? Hapana. Na hapo ndipo habari yenyewe inapoanzia.

Nilizaliwa upande wa kaskazini wa Mlima Meru. Kule maji ya mto yana ladha yake, ukiyazoea unaona ya kwingine ndiyo mabaya. Tulikunywa hayo, tukapikia hayo, na makande tulitia magadi ili maharage yaive upesi. Watoto tulipoota meno ya ukubwani yalitoka na madoa, na wengine tulipokuwa tunarefuka, miguu ikaanza kupinda. Nyumbani hakuna aliyeshangaa. Ukienda mjini ndipo unagundua kuwa wenzako wana meno meupe.

Nikiwa darasa la tano walikuja shuleni watu wa utafiti. Walitupanga mstari, wakatufungua midomo, wakatupima miguu kwa futi ya fundi wa nguo, wakatupiga picha kuanzia magotini kwenda chini. Kisha kila mtoto akapewa kichupa akakojoe nyuma ya choo, arudishe. Tukapewa biskuti. Mwalimu wetu akauliza, "Na majibu?" Wakamwambia yatakuja.

Nikamaliza shule. Nikajifunza cherehani. Nikaolewa huku upande wa Makumira, kwenye migomba na kahawa, na mume wangu ni fundi wa kuezeka mabati. Majibu hayajaja.

Mama mkwe wangu hakunipenda tangu siku ya kwanza, na hakuficha. Siku walipoleta kwetu zawadi za posa aliniangalia nikitembea na sinia la soda, akamwambia dada yake kwa Kimeru, akidhani niko mbali, kwamba kijana wake ameenda kuchukua ng'ombe mwenye kwato mbaya. Nikasema moyoni, nikimpa mjukuu atatulia.

Mimba ilipofika miezi mitano, kliniki wakaniandikia kipimo cha ultrasaundi. Mume wangu alikuwa juu ya paa la watu huko Usa River, kwa hiyo tukaenda mimi na mama mkwe, kituo kimoja cha mjini. Sitakitaja. Aliyenipima simtaji pia, ingawa ulimi unaniwasha.

Nililala pale, akanipaka ile dawa ya baridi tumboni, akaanza kuzungusha kifaa. Akanyamaza. Akarudi palepale mara ya pili, mara ya tatu. Nyie mliopita hapo mnajua ukimya ule. Kisha hakuangalia tena kwenye kioo cha mashine. Akaangalia miguu yangu.

"Mama, kwenu mko wengi wenye miguu hii?"

"Tuko wengi," nikamjibu.

"Basi ndiyo hiyo. Nyayo zote mbili za mtoto zimepinda. Kilema umemrithisha mwenyewe."

Nikamuuliza kama atatembea. Akacheka, ndugu zangu. Akasema, "Wewe unatembeaje?"

Mlango ulikuwa wazi. Mama mkwe alikuwa amekaa benchi la nje, na watu wengine benchi zima. Wote walisikia. Nilijifuta ile dawa kwa khanga yangu mwenyewe nikatoka, na tulipokuwa getini akatufuata dada mmoja wa hapo hapo, akamnong'oneza mama mkwe, siyo mimi, kwamba bado hatujachelewa, kuna mahali wanasaidia.

Wanasaidia! Mimi sikuja hapa kumhukumu mwanamke yeyote na yaliyomkuta. Nasema yangu. Hakuna mtu aliyeniambia nyayo zilizopinda ni ugonjwa gani, unaitwaje, una dawa au hauna. Nilipewa hofu tu, halafu nikaambiwa niamue haraka. Mtu hupimwa ili ajue. Mimi niliingia pale najua kidogo, nikatoka sijui kitu kabisa.

Jioni hiyo mama mkwe aliita shangazi zake mume wangu. Walikaa sebuleni, mimi nikiwa jikoni nasonga ugali ambao hakuna aliyeula. Wakasema ukoo wangu una damu mbaya. Wakasema huyu akizaa kilema mmoja atazaa na wengine. Wakasema ama niende huko "wanakosaidia", ama nirudishwe kwetu na tumbo langu. Mume wangu aliangalia sakafu. Nikamsubiri aseme neno. Basi nikaingia sebuleni na mwiko mkononi nikamwambia, "Baba, kama na wewe unasema damu yangu ni mbaya, sema nikusikie. Usiniinamishie kichwa tu."

Akainua kichwa. Akasema, "Mimi sijasikia chochote kutoka kwa daktari. Nimesikia kutoka kwa mama. Kesho siendi kazini. Tunaenda hospitali kubwa, nisikie kwa masikio yangu."

Mama yake akamwambia, "Utasikia hayo hayo."

Hakusikia hayo hayo. Kwenye hospitali ya rufaa tulimkuta daktari mwanamke, si mtu wa maneno mengi, lakini jambo la kwanza alilofanya ni kufunga mlango. La pili, akageuza kioo cha mashine kituelekee sisi. Akasema, huu ni moyo, unaona unavyopiga. Huu ni uti wa mgongo, umenyooka vizuri. Hiki ni kichwa, hakina shida. Hizi ni nyayo, na kweli zimegeukia ndani zote mbili. Ndiyo hii tunayoiita miguu kifundo. Inatibika. Akizaliwa mtamleta mapema, atafungwa plasta na kubadilishwa kila wiki, huenda akakatwa kidogo mshipa wa kisigino, halafu atavaa viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma. Akasema kuna mambo kipimo hakiwezi kuyaona, kwa hiyo hawezi kutuapia kila kitu, lakini kwa anachokiona, mtoto huyu atatembea.

Mume wangu akauliza lile swali ambalo mimi niliogopa kuliuliza. "Daktari, na miguu ya mama yake? Ndiyo iliyoleta hii?"

Daktari akaniangalia meno; nadhani alikuwa ameshayaona tangu nilipomsalimu. "Umekulia wapi, mama?"

Nikamtajia.

"Basi miguu yako ni maji," akasema. "Maji ya kule yana floraidi nyingi. Ukiyanywa tangu mtoto, yanaingia kwenye mifupa na meno wakati unapokua. Hukurithi kwa mtu na hutamrithisha mtu. Ukimlea mtoto kwa maji yale yale, anaweza kupata. Ukimpa maji salama, hapati. Nyayo za huyu mtoto ni jambo lingine kabisa, halihusiani."

Tulitoka tukakaa kwenye ngazi za nje. Mume wangu akanishika bega akaniuliza kama nalia kwa furaha. Nikamwambia, "Silii kwa furaha. Nina hasira." Kwa sababu hapo ndipo nilipokumbuka kile kichupa. Jamani, walijua! Watu wazima wenye elimu walikuja shuleni kwetu, wakachukua mkojo wa watoto, wakapiga picha miguu yetu, wakaenda maabara wakajua ni maji. Na sisi tukabaki tunayanywa. Mdogo wangu alikuwa hajaanza hata shule wakati ule. Miguu yake ilikuwa bado imenyooka. Nendeni mkamwone leo.

Sasa sikilizeni Mungu anavyopanga. Tumbo limekuwa kubwa, mtendaji wa kata anatangaza kwamba wajawazito wote waje ofisini, kuna wageni wa utafiti. Nikaenda. Mama mkwe naye alikuja, maana yeye hakosi mkutano. Nikakuta meza, na juu ya meza vichupa. Vile vile! Dada mmoja mtafiti, kijana, mstaarabu, akaeleza kwamba wanataka kuchunguza maji na mimba, kwa hiyo kila mama atatoa mkojo na damu kidogo, na wataandika anakunywa maji ya wapi. Akauliza kama kuna swali.

Nikasimama. Magoti yalikuwa yananiuma kwa uzito wa mimba, lakini nikasimama.

"Dada, nina swali. Mimi nilishatoa mkojo nikiwa darasa la tano. Majibu yangu yako wapi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaniuliza ni shule gani, nikamwambia. Akasema utafiti ule anaujua, ameusoma chuoni, na kwamba taarifa yake iliandikwa na kupelekwa kwenye ofisi zinazohusika.

"Kwa lugha gani?"

"Kwa Kiingereza."

"Sasa mkojo wetu ulikuwa wa Kiingereza?" nikamuuliza. Hapo hawakucheka tena. Nikaendelea, na sikuweza kujizuia. Nikamwambia tazama miguu hii, wewe umeisoma kwenye karatasi chuoni ukapata cheti, mimi mwenye miguu nimeambiwa nina damu mbaya. Mmoja wenu angerudi siku moja tu akasema "chemsheni mnavyotaka, floraidi haitoki, tafuteni maji mengine," mdogo wangu angekuwa anatembea vizuri. Mnatuchota kama tunavyochota mtoni, mnaondoka. Leo hapa sitoi hata tone mpaka nisikie majibu ya kwanza.

Mama mmoja nyuma yangu akarudisha kichupa chake mezani. Halafu mwingine. Hakuna aliyewaambia. Mtendaji akaanza kututisha kidogo, tunaaibisha kata. Yule dada akamzuia. Akasema, "Mtendaji, huyu mama anadai haki yake. Nipeni muda."

Na alirudi, hilo lazima niseme. Kabla sijajifungua alirudi na mzee mmoja mwalimu wake, wakaleta yale majibu ya zamani, wakayasema kwa Kiswahili, mbele ya watu, kijiji kwa kijiji: mto upi mbaya, kisima kipi afadhali, kwa nini magadi yanaongeza tatizo, jinsi ya kuchuja kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, na kwamba maji ya mvua hayana shida hiyo. Walipomaliza, mama mkwe wangu akanyoosha mkono.

"Hii miguu ya mke wa mwanangu, mnasema ni maji?"

"Ni maji, mama," yule mzee akamjibu.

"Na nyayo za mtoto aliye tumboni?"

"Hizo hazitokani na maji haya. Watoto wengi huzaliwa nazo, na mara nyingi hatujui sababu. Tusikudanganye."

Mama mkwe akakaa. Akarekebisha kitambaa chake cha kichwani. Njiani kurudi, tulipofika mahali penye mteremko, alinipokea mfuko wangu. Mpaka leo hajaniomba msamaha, na mimi nimeacha kuusubiri. Lakini binti yangu alipozaliwa, na ikabidi kila wiki tuje hapa mjini kubadilisha plasta, magoti yangu hayakuweza kumbeba na ile plasta nzito. Aliyembeba mgongoni, kila wiki, kwenye jua na kwenye matope, ni mama mkwe. Na mtu akimwuliza barabarani mtoto ana nini, alikuwa anamjibu kwa ukali, "Anatibiwa! Wewe unatibiwa nini?"

Msidhani kuwa ilikuwa rahisi. Nyie wenye plasta mpya, mtoto atalia. Vile viatu vya chuma atavichukia, na jirani atakwambia umvue, unamtesa. Usimvue. Binti yangu sasa yuko chekechea, na mwalimu wake analalamika kwamba hakai chini.

Nilimpeleka pale kituoni, kwa yule mtu wa kipimo. Nilitaka amwone akikimbia kwenye korido yake. Hakunikumbuka. Nilipomweleza akasema wagonjwa ni wengi. Hilo liliniuma kuliko kicheko chake. Nilimweleza na mkubwa wake, akaniomba radhi. Kama alifanya lolote, mimi sijui.

Namshukuru yule daktari aliyefunga mlango. Namshukuru mume wangu, aliyechelewa kusema lakini akasema, na ambaye ameweka mifereji kwenye bati letu ili mtoto anywe maji ya mvua. Namshukuru dada mtafiti, kwa sababu alikubali kuulizwa. Namshukuru mama mkwe wangu kwa mgongo wake. Na ninyi wa kikundi hiki, mlionipokea nikiwa na hasira na mkaniacha niwe nayo.

Msitoke hapa mkisema nimekataza vipimo. Kapimweni, na watafiti wakija wapokeeni. Ila habari ya mwili wako ni yako kabla haijawa ya mtu mwingine. Mtu akikuambia mtoto wako ana kasoro, usishuke kitandani mpaka akuambie ameona nini, hajaona nini, na kinatibiwa wapi. Akikucheka, nenda kwa mwingine. Akisema majibu yatakuja, mfuate mpaka yaje. Na asiyekuambia ukweli wote asikuambie cha kufanya.

Nimemaliza, nisije nikaanza upya. Chai iko kule nyuma. Wageni wetu, tuleteeni hao watoto tuwashike, nyie mkale kwanza.